Saa ya Karani na Plagini Tatu

Maelekezo yalisema kazi ingechukua dakika chache. Niliyachapa Mbeya, nikayapigia mistari kwa rula, kijani kwa hatua za kawaida na nyekundu kwa hatua za hatari, nikayatia kwenye jalada la plastiki na kupanda gari la kwenda Igawa asubuhi ya Jumatatu. Nilibeba nguo za siku moja. Nadhani hilo ndilo kosa pekee katika habari hii ambalo mtu yeyote angeweza kulifanya. Yaliyofuata yalihitaji mtu kama mimi, tena aliyekulia huku kwetu.

Kazi hii ya kompyuta sikuisomea. Nilijifunza mwenyewe, Iringa, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu Kihesa, kwanza kwa simu iliyopasuka kioo, baadaye kwa kompyuta ya mtumba iliyokuwa ikipata moto kama pasi. Mtu aliyejifunza mwenyewe hajui ni kitu gani asichokijua, kwa hiyo anaogopa vyote kwa usawa. Mimi niliogopa kwa mpangilio. Niliandika kila somo kwenye daftari, na nikikosea herufi moja niliuchana ukurasa mzima. Daftari zilizobanwa kwa pini zina tabia yake: ukichana ukurasa wa mbele, mwenzake wa nyuma analegea na kudondoka. Hivyo kila kosa langu lilinigharimu kurasa mbili, moja yenye hatia na nyingine isiyo na kosa lolote.

"Utamaliza daftari kabla hujamaliza somo," mama aliniambia.

Nilimaliza daftari saba.

Kazi ya Igawa niliipata kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kilikuwa chama kidogo cha watumia maji, upande wa mashamba ya mpunga, chenye ofisi ya chumba kimoja kando ya ghala. Mfereji wao hauna maji ya kutosha mashamba yote kwa pamoja, kwa hiyo wanapeana zamu: kila shamba siku moja, kutoka saa tano asubuhi hadi saa tano asubuhi ya kesho yake. Ratiba ilikuwa ikibandikwa mlangoni. Waliokaa karibu na ofisi waliisoma kila siku. Waliokaa mkiani, yaani kule mfereji unakoishia, waliisoma walipopata nafasi ya kutembea, na mara nyingi walikuta zamu yao imekuwa ya jana.

Mkiani kabisa kulikuwa na mama mmoja Msukuma, mjane, ambaye familia yake ilihamia Usangu na ng'ombe kutoka kaskazini. Ng'ombe walikwisha, akabaki na jaruba. Msimu uliopita zamu ilimpita mara mbili. Msimu huu alikuwa na kitalu cha miche ya mpunga ambacho hakijaona maji kwa siku nyingi, na zamu yake ilikuwa Alhamisi. Nilimfahamu kwa sababu alikuja dirishani Jumatatu ile ile, akanisalimu vizuri, kisha akauliza:

"Ndiyo wewe dada wa meseji?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa hiyo meseji itanijua mimi? Au itaishia kwa hawa wa juu, kama maji?"

Nilimwambia itamjua. Nilimwonyesha namba yake ya simu kwenye orodha. Alivua kandambili, akakanyaga ukingo wa msingi chini ya dirisha kwa mguu mmoja ili aone vizuri, akaisoma tarakimu kwa tarakimu, akasema, "Haya. Siji tena mlangoni. Nangoja meseji." Na kweli hakuja tena.

Programu ya zamu niliiandika mwenyewe, na kwa wiki mbili ilikuwa ikifanya kazi kwenye seva ya ofisi. Neno seva lisikutishe. Ilikuwa kompyuta ya kawaida ya mezani, imelazwa chini ya meza ya karani, na karani alipenda kuegesha mguu wake juu yake wakati wa baridi. Kioo chake kilielekezwa dirishani ili wapita njia waone zamu ya leo ni ya nani. Kilichobaki ni meseji. Kwa meseji nilihitaji plagini tatu, ndivyo tunavyoviita vipande vya programu unavyovichomeka kwenye seva ili ijue kufanya kitu ambacho haikukijua. Plagini hazikai kwenye seva. Zinakaa kwenye ghala la mtandaoni, kwenye kompyuta za watu usiowajua, katika nchi usiyoijua. Wewe unaandika amri ya mstari mmoja, seva inaliendea ghala, inaomba, inapewa, inasakinisha. Mstari mmoja tu. Niliupigia rangi ya kijani.

Niliandika amri. Seva ikaenda, ikarudi mikono mitupu: ombi limekataliwa.

Mtu mwenye akili timamu anapokataliwa na ghala hulishuku ghala. Mimi nilijishuku mwenyewe. Niliandika amri upya, polepole, nikitamka herufi. Ikakataliwa. Nilibadilisha laini ya simu iliyotupatia mtandao, nikajaribu mitandao mitatu. Nilipanda juu ya meza na modemu mkononi kama mtu anayetafuta popo.

Karani aliingia akanikuta hapo. Alikuwa mwalimu mstaafu, Mhehe kama mimi, na tangu siku ya kwanza aliponijua kwa lafudhi alikuwa akinisalimu "kamwene" na kunisimamia kama mwanafunzi wa zamu.

"Binti, huko juu kuna nini?"

"Natafuta mtandao, mwalimu."

"Mtandao nao siku hizi unalala darini?" Akacheka mwenyewe. "Shuka unywe chai. Saa nne hii."

Nilitazama kioo cha seva. Pembeni chini kiliandika 4:10 AM. Saa nne na dakika kumi asubuhi, kama alivyosema. Nikashuka, nikanywa chai.

Nataka usimame kidogo hapo, kwa sababu mimi sikusimama.

Mchana ule nilifanya jaribio lililonimaliza. Nilizipakua plagini zile tatu kwa simu yangu. Zikaja zote, bila neno. Ghala lilikuwa zima, mtandao mzima, plagini zipo. Fundi mwingine angezihamishia kwenye seva kwa waya, akazisakinisha kwa mkono, akarudi Mbeya kabla jua halijazama, na habari hii isingekuwepo. Lakini maelekezo, kwenye mstari niliouchora kwa rangi nyekundu, yalionya kwamba plagini iliyoingizwa kwa mkono haitaorodheshwa vizuri na siku moja inaweza kukosa masasisho. Siku moja. Nilikuwa tayari kulaza watu bila maji Alhamisi kwa ajili ya usafi wa orodha ambayo hakuna mtu angeisoma isipokuwa mimi. Niliifuta ile mipakuo kwenye simu ili isinishawishi.

Jumanne niliifuta programu yote kwenye seva nikaiweka upya. Ilichukua kutwa. Usiku nililala nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, nimevaa nguo zile zile, malori yakipita. Asubuhi ile, kabla sijaifuta, kwenye kumbukumbu za seva kulikuwa na maelezo marefu zaidi ya kukataliwa, nami niliyasoma yote: ghala lilidai kwamba muda ulioandikwa kwenye ombi langu na muda wake yenyewe vinatofautiana mno. Niliitazama saa ya seva kwa uangalifu. Nililinganisha na simu yangu. Simu ilisema 10:42, na kichwa changu, kilichozoea tangu darasa la kwanza, kikasema saa nne na dakika arobaini na mbili. Seva ilisema 4:42, na kichwa changu kikasema saa nne na dakika arobaini na mbili. Vinalingana. Nikaandika kwenye daftari: *saa iko sawa*, nikapiga tiki.

Jumatano asubuhi, nikiwa nimeishiwa, nilipiga picha ya kioo kizima cha seva, nikaituma kwenye jukwaa la mtandaoni ambako mafundi wa dunia husaidiana na kudharauliana. Nilieleza kila nilichokwisha kujaribu, kwa vifungu vyenye namba. Kisha nikangoja.

Karani alikuwa amevaa koti la suti. Kulikuwa na msiba upande wa Rujewa na yeye ndiye msemaji wa ukoo. Ilipotimia saa tano alibadilisha zamu kwenye daftari lake, ikawa ya baba mmoja mwenye shamba juu ya lile la mama wa mkiani, akanikabidhi ufunguo.

"Ukimaliza funga, ufunguo mwachie mama wa chai. Na usipomaliza?"

"Nitamaliza, mwalimu."

"Sikukuuliza hivyo. Usipomaliza, nibandike karatasi mlangoni leo hii, watu wa mkiani wasipitwe. Niambie ukweli."

"Nitamaliza."

Alinitazama kama mtu anayesahihisha mtihani wa mtoto anayempenda, akaondoka.

Saa tano na nusu jibu likaja kutoka kwa mtu nisiyemjua, wa nchi ambayo sijui. Hakugusa hata kifungu kimoja kati ya vifungu vyangu kumi na moja. Aliandika tu kwamba, kwa kuitazama picha, nilikuwa nafanya kazi saa kumi na nusu alfajiri, na kwamba mtu asiyelala hukosea, basi nikalale kwanza.

Nilikasirika. Nilianza kumjibu kwamba hapa ni asubuhi kweupe, jua limetoka, watu wanakunywa chai. Nikaitazama saa kwenye picha ili nimnukulie. 4:31 AM. Nikaacha kuandika.

Karani, kama alivyonieleza baadaye, siku seva ilipoletwa aliona watu wakija dirishani wakisoma saa ya kioo na kuchanganyikiwa. Akazima ule urekebishaji wa saa wa kujiendesha, akairudisha nyuma saa sita kwa mkono, ili saa nne iandikwe nne. Kwa kila mtu aliyepita pale dirishani, ile ndiyo ilikuwa saa sahihi kuliko zote Igawa. Tena ilikuwa na mantiki kuliko ya kwangu: siku yake ilianza jua linapochomoza. Ni ghala la mtandaoni pekee lililoona ombi linalotoka saa sita zilizopita na kukataa kuzungumza nalo. Na mimi, fundi, nilikuwa nimeikagua ile saa kwa siku tatu nikaipa tiki. Fundi wa kigeni angeliona kosa kabla hajakaa kwenye kiti. Ilihitaji mtu wa kwetu kulitazama na kuridhika.

Niliirekebisha saa. Nikaandika amri. Plagini ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu. Dakika nne, kama maelekezo yalivyosema. Nilijitumia meseji ya jaribio, simu ikalia mfukoni. Nililia kidogo, sitaki kukuficha.

Lililofuata, hata hivyo, nililificha. Nilitakiwa kumpigia karani simu nimwambie: nimebadilisha saa yako. Lakini hapo ningelazimika kusema pia kwamba siku tatu za kazi, meza niliyoipanda, seva niliyoifuta na kuijenga upya, vyote vilikuwa kwa sababu ya saa. Kwenye taarifa ya kazi niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Tatizo lilikuwa upande wa ghala la mtandaoni. Limetatuliwa." Nikazima kioo, nikafunga, nikampa mama wa chai ufunguo, nikarudi Mbeya nikiwa nimeketi wima kama mtu aliyepewa cheti.

Alhamisi saa mbili asubuhi karani alinipigia. Nilipokea huku nikitabasamu, maana nilijua ananipigia kunishukuru.

"Binti, meseji zako zinafanya kazi?"

"Ndiyo, mwalimu. Nilizijaribu."

"Zinafanya kazi sana. Njoo."

Alinieleza kwa maneno machache. Ratiba ya zamu ilikuwa imeingizwa na yeye, kwa saa zake. Zamu ya mama wa mkiani aliiandika 5:00 AM, yaani saa tano asubuhi, na kwa saa yake ilikuwa sawa kabisa. Kwa saa yangu mpya, 5:00 AM ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Basi saa kumi na moja alfajiri simu ya mama ililia: *Zamu yako ya maji imeanza. Fungua lango lako.* Akachukua jembe na tochi, akaenda, akaziba lango la baba wa juu, akafungua la kwake. Baba wa juu alifika saa moja akakuta mfereji wake mkavu huku zamu yake ikiwa imebakiza saa nne. Kaziba la mama, kafungua la kwake, kaenda kwa mwenyekiti wa chama. Na sheria ya mfereji inajulikana: anayefungua maji nje ya zamu yake, zamu yake inarukwa. Kitalu kingengoja mzunguko mzima. Kisingefika.

Njiani kwenda Igawa niliandaa utetezi, na ulikuwa mzuri. Saa iliharibiwa na karani. Ratiba iliingizwa na karani. Mimi nilirekebisha kilichokuwa na kosa. Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Nilizipanga kwa vifungu.

Kamati ya chama ilikuwa imeketi kwenye baraza ya ghala la kando ya ofisi, juu ya magunia. Mama wa mkiani alisimama pembeni, kanga imefungwa kiunoni, matope yamemkaukia hadi magotini.

"Mimi sina maneno," alisema. "Mlisema tuache kufuata maneno ya watu, tufuate meseji. Nimelala na simu kifuani siku tatu. Imeniambia fungua, nimefungua. Sasa mniambie nimwamini nani, niwe namwamini huyo."

"Na giza hukuliona?" baba wa juu akauliza. "Tangu lini zamu ikabadilishwa na jogoo?"

"Giza niliona. Nikasema labda na ninyi mmeanza kuwa na huruma, mnanipa na saa za nyongeza."

Watu wakacheka, hata baba wa juu, ingawa alijizuia haraka. Mwenyekiti hakucheka. Alishika taarifa yangu.

"Hapa fundi ameandika shida ilikuwa huko mtandaoni, na imekwisha. Kwa hiyo chombo ni kizima. Kama chombo ni kizima, mama amekosea. Au siyo, mwalimu?"

Karani aligeuka. Alinitazama. Hapo nikajua kwamba amekwisha kuiona ile saa, na kwamba angeweza kuisema mwenyewe, na kwamba hataisema.

Nilisimama. Vifungu vyangu vyote vilinitoka kichwani isipokuwa kimoja, tena hakikuwa kwenye orodha.

"Taarifa hiyo ni ya uongo," nilisema. "Shida haikuwa mtandaoni. Ilikuwa saa. Nilibadilisha saa ya kompyuta jana, sikumwambia mtu, kwa sababu niliona aibu kwamba nilikaa siku tatu bila kuiona. Meseji iliyomwamsha mama imetoka kwangu. Yeye alitii."

Kisha baba wa juu: "Siku tatu? Saa si ipo pale dirishani? Mtoto wangu wa darasa la pili anaisoma!"

"Ndiyo, baba. Na mimi niliisoma. Niliisoma vizuri sana."

Safari hii mwenyekiti naye alicheka, akajipangusa macho kwa taarifa yangu. Walijadiliana kwa muda mfupi. Zamu ya mama ilibaki pale pale, kuanzia saa hiyo hiyo, na baba wa juu angefidiwa saa alizopoteza, zikatwe kwenye siku ya shamba la chama. Karani aliambiwa aiandike ratiba upya, mimi nikiwa nimekaa karibu naye. Kisha mwenyekiti akakumbuka kwamba sheria ni sheria: maji yamefunguliwa nje ya zamu, na aliyeyafungua ni fundi. Adhabu ya mfereji, kwa asiye na zamu ya kurukwa, ni kuzibua hatua ishirini za mfereji. Akazihesabu mwenyewe kwa miguu yake, nami naapa kwamba zile za mwisho alizirefusha.

Hatua zangu zilikuwa mkiani, kwa sababu huko ndiko kulikozibwa na majani. Nilikunja suruali, nikashuka na jembe la kuazima. Nilianza kuchonga kingo. Upande wa kulia ulikuwa umenyooka, wa kushoto ukawa na kifundo, nikarudi kukinyoosha, kisha wa kulia ukaonekana umepinda. Mama alikuwa amesimama juu yangu, akingojea.

"Dada."

"Naam, mama."

"Maji hayana macho. Toa majani."

Nikatoa majani. Maji yalikuja taratibu, yakiwa na povu na makapi, yakapita kati ya miguu yangu na kuingia langoni kwake. Mama hakunishukuru. Alikuwa amekwisha kuniacha, ameinama mbali kwenye kitalu, akiziba kwa kisigino sehemu ambayo tuta lilikuwa likivuja.